Neno Lililobaki Kinywani mwa Baba

Baba yangu alikuwa na neno moja la Kiingereza alilolipenda kuliko mengine yote aliyofundishwa misheni, na mengine hayakuwa machache. Maana yake ni baraka. Wazungu wa misheni walilitamka kwa ncha ya ulimi. Baba alilitamka kwa mdomo mzima, "blesingi", na kwa kuwa sisi watoto tulilisikia kwake kabla ya kulisikia kwa mtu mwingine, mpaka leo nikilisikia kwa mtu anayejua Kiingereza naona yeye ndiye anayekosea.

Alikuwa mwalimu wa dini katika kanisa la Kianglikana pale Masasi, mjukuu wa watu waliobatizwa misheni zamani, na mkulima wa korosho na mihogo kama majirani zake wote. Mvua ikiwahi, blesingi. Mama akirudi dukani na sukari katika miaka ile ya foleni, blesingi. Jirani alipojifungua pacha, baba alikwenda kuwatazama akasema hizo ni blesingi mbili. Siku jino lake bovu lilipong'oka lenyewe akila muhindi wa kuchoma, alilitazama kwenye kiganja akasema blesingi, maana wiki nzima alikuwa akiogopa kwenda kung'olewa. Watoto wa mtaani walimwita kwa neno hilo, naye akaitika.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asiseme baraka tu kama watu wengine. Akaniambia, "Baraka kila mtu anayo. Hata wa msikitini wanayo." Nikamwambia kitabu chake cha sala kimejaa baraka kila ukurasa. Alinitazama kama anavyotazamwa mbuzi aliyeingia kwenye mbaazi, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikuwa na ulimi mrefu tangu mdogo, na nyumbani kwetu ulimi mrefu ulikuwa ni wa baba peke yake.

Lakini matumizi makubwa ya neno hilo yalikuwa mlangoni. Mtoto akiondoka kwenda mbali, alipiga magoti kwenye kizingiti. Baba alijaza maji kinywani kutoka kwenye kikombe cha bati, akampulizia kichwani, kisha akatamka lile neno mara moja, kwa sauti ya kanisani. Babu zetu walipuliza maji hivyo hivyo, ila wao baada ya maji walitaja majina ya waliokufa. Misheni ilikataza majina. Baba akayaacha majina, maji akabaki nayo, na pale penye pengo akaweka neno la Kizungu. Padri alijua, akanyamaza. Kaka yangu alipuliziwa alipokwenda jeshini, dada yangu alipokwenda kusomea ukunga. Nilikuwa nikisimama nyuma yao nikiyanusa yale maji, yana harufu ya ugoro wa baba, na nikiona wivu.

Zamu yangu ilipofika niliiharibu mwenyewe. Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja mjini, na miaka ya ruksa ya biashara ilikuwa imeanza, vitu vilivyokuwa havionekani vimeanza kuonekana. Akaja fundi baiskeli kutoka Newala kutafuta tairi na spoku. Akarudi wiki iliyofuata kutafuta uzi, na mtu wa baiskeli ana kazi gani na uzi? Alikuwa Mwislamu, mpole, mwenye kucheka polepole. Nilipoamua kuolewa naye niliamua pia kumfuata katika dini yake. Hakuna aliyenilazimisha. Nalisema hili kwa sababu kuna watu mpaka leo wanapenda kusema nilidanganywa, na mimi sijawahi kudanganywa na mtu ila na kiburi changu.

Siku ya kuondoka nilipiga magoti kwenye kizingiti. Baba alikuwa amekwisha kushika kikombe. Alikitazama, akanitazama, kisha akakiweka mezani taratibu bila kumwaga tone.

"Neno langu siwezi kulituma huko uendako," alisema. "Huko wana lao."

Hakunilaani. Hakupandisha sauti. Ningeweza kubaki pale chini nikasubiri, hata mpaka jioni, na namjua baba, huenda angechoka. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na miwili na shingo ngumu. Niliinuka, nikajifuta magoti, nikasema, "Haya." Mama alikuwa akilia jikoni. Nikapanda lori la mizigo kwenda Newala na kichwa kikavu.

Newala ni juu, kuna baridi na ukungu wa asubuhi, na maji yako chini kabisa bondeni. Mwaka wa kwanza nilijifunza kupanda ule mlima na ndoo kichwani, mimi niliyezaliwa karibu na kisima. Mume wangu alinipenda na mama mkwe alinipokea. Sina la kuwalaumu. Lakini mimba yangu ya kwanza iliharibika katika mwezi wa tatu, na ya pili vilevile. Baada ya ile ya pili mama mkwe aliniuliza kwa upole, tukiwa tunamenya mihogo, "Mwanangu, wazee wako walikupa radhi?" Nikainuka nikasema maji yanachemka.

Kabla ya hapo nilikuwa nacheka mambo hayo. Nilisema moyoni kwamba mimba huharibika kwa maradhi, na maji ya ugoro hayajawahi kutibu maradhi. Bado nadhani hivyo. Lakini mtu anaweza kujua jambo kichwani huku tumbo linajua jingine. Wazee wanasema radhi ni bora kuliko mali, na mimi sikuwa na hiyo radhi wala hiyo mali. Usiku na mchana nilianza kulitamani lile neno kama mjamzito anavyotamani udongo.

Na ubaya ni kwamba miaka ile ya ruksa neno la baba lilitoka nje, likawa la kila mtu. Liliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye paji la uso la lori la wanunuzi wa korosho. Liliandikwa kwenye kibanda cha soda na kwenye mlango wa kinyozi. Wahubiri wapya waliokuja na vipaza sauti walilitaja kila baada ya maneno matatu. Mitumba ilipofika kwa marobota, watu waliacha kushonesha nguo mpya, na kazi yangu ikawa kupunguza za Wazungu waliokuwa wanene kuliko sisi. Siku moja mkulima mmoja aliniletea fulana yenye neno hilo kifuani kwa herufi kubwa.

"Hapa pameandikwa nini, fundi?" aliniuliza.

"Baraka."

"Basi hapo usipakate."

Sikupakata. Nilipunguza mabega, nikapinda mikono, na nilipomkabidhi niliingia ndani nikalia. Mtu asiyejua hata kulisoma ameondoka nalo kifuani, na mimi mtoto wa mwenyewe sina.

Kila mwaka nilikuwa nashuka Masasi mara moja, wakati mwingine mbili. Baba alinipokea vizuri. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Aliuliza hali ya mvua kule juu, aliuliza bei ya korosho, alimuulizia hata mume wangu na biashara ya baiskeli. Alinichagulia finyango nzuri ya kuku. Lakini siku ya kuondoka, nikianza tu kufunga mzigo, aliingia chumbani kwake. Mama alitoka kuniambia, "Baba yako amejilaza." Saa nne ya asubuhi, mtu mzima, mwalimu wa dini, amejilaza! Nilisikia kitanda kikilia ndani, akijigeuza.

Kwetu mtoto aliyemuudhi mzazi haendi mwenyewe kuomba msamaha. Anapelekwa na mjomba. Mjomba anamshika mkono, anabeba unga mweupe kwenye sahani, anaingia naye kwa mzazi na kusema maneno kwa niaba yake. Mtoto anapiga magoti tu. Mzazi akishapuliza maji na kuugusa ule unga, jambo limekwisha, halitajwi tena hata kwenye ugomvi. Ukienda peke yako ni kama umekwenda kujibizana. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa Lisekese, mkulima wa mtama na mzaha mwingi, na yeye hakujali nani Mkristo na nani Mwislamu. Alinitumia salamu zaidi ya mara moja kwamba yuko tayari. Mwisho alipanda mwenyewe kuja Newala kuniambia.

"Baba yako anangoja," alisema. "Nimemsoma. Anangoja ntu wa kumfungulia mlango tu. Njoo tuimalize, ntoto wangu."

Nilikuwa na mimba ya tatu, ina miezi miwili, sijaisema kwa mtu. Moyo uliruka. Lakini Idi ilikuwa inakaribia, na ndiyo wakati pekee watu walikuwa bado wanashonesha: kanzu, magauni ya watoto, mashungi. Vitambaa vya watu vilikuwa vimejaa chumbani. Nikamwambia mjomba, baada ya Idi. Idi ikapita, nikasema ngoja nimalizie sare za shule. Kweli nilikuwa na kazi. Lakini kweli nyingine, ambayo sikuwahi kumwambia mjomba, ni kwamba niliposikia baba ananingoja, nilifurahi angoje kidogo. Nilitaka na yeye aonje. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia ni langu.

Niseme mapema ili msomaji asihangaike: mtoto wa mimba ile alizaliwa salama na yuko hai. Si yeye ninayemsimulia hapa.

Mimba ilikuwa na miezi mitano nilipoletewa barua na konda wa basi, imeandikwa na jirani kwa sababu mama hakuwa na mkono wa kuandika. Baba ameanguka shambani. Amelazwa. Njoo. Niliteremka siku hiyohiyo, mkono tumboni kwenye kila shimo la barabara, nikiomba kwa dini zote mbili ili nisikose.

Nilimkuta kitandani hospitalini kule Mkomaindo, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia umelala juu ya shuka kama si wake. Alikuwa macho. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikasema, "Shikamoo baba."

Alinitazama. Mdomo ukahangaika. Kisha akasema, wazi kabisa, "Blesingi."

Sijui kueleza kilichonipata. Nilishika ule mkono wake uliokufa nikaubusu, nikacheka, nikalia, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanitazama. Miaka sita! Nikasema moyoni: kumbe ilikuwa rahisi hivi. Nikajiona nimesamehewa, na mtoto tumboni amesamehewa, na dunia yote haina deni.

Mama akaja na uji. Akamwinua kichwa, akampa kijiko cha kwanza. "Blesingi," alisema baba. Kijiko cha pili, blesingi. Muuguzi akaja na sindano, na ilipoingia baba alikunja uso akapiga kelele kwa maumivu, na kelele yenyewe ilikuwa ni hilo neno. Nikamtazama mama. Mama akatazama uji.

"Tangu juzi ni hilo tu," alisema. "Jingine hana."

Daktari alinieleza nje barazani, kwa subira. Kiharusi kimegonga mahali maneno yanapokaa. Wengine hupoteza yote, wengine hubakiwa na moja, na hilo moja hutoka kwa kila jambo, mtu akitaka asitake. Anaweza kutaka kusema maji likatoka hilo, anaweza kutaka kusema ondoka likatoka hilo. Alisema amewahi kuona mzee mmoja aliyebakiwa na tusi, kwa hiyo sisi tushukuru. Nikamuuliza kama anaelewa tunachomwambia. Akasema pengine kidogo, pengine sana, hakuna wa kujua. Nikamuuliza kama maneno mengine yatarudi. Akanipa jibu la watu waungwana, kwamba tumwachie Mungu.

Tulipomrudisha nyumbani habari zilikuwa zimetutangulia. Watu wa kanisani walisema huu ni muujiza: ugonjwa umemnyang'anya yote, umeshindwa kumnyang'anya baraka. Wakaanza kuja. Mwanzoni walikuwa wazee wenzake waliokuja kumpa pole, wakiondoka na neno na machozi. Kisha wakaja vijana wanaokwenda Mtwara kutafuta kazi. Kisha akaja mfanyabiashara wa mitumba kabla ya kufungua robota, na mnunuzi wa korosho akielekea Tandahimba, ameacha gari linanguruma nje. Waliinama mbele ya kiti chake, akasema blesingi, wakaacha sabuni au kipande cha khanga, wakaenda zao wameridhika. Mama alishindwa kuwafukuza. Mimi niliwafukuza wawili, nikaambiwa nina roho mbaya.

Walikuwa hawaelewi. Kila mtu aliyepita pale mlangoni aliondoka nalo, na mimi niliyekuwa namwogesha, namlisha, namgeuza asipate vidonda, nililisikia mara mia kwa siku na sikuweza kulichukua hata mara moja. Maji yakiwa ya moto mno alinisukuma kwa mkono wa kushoto, macho yamewaka, na akasema blesingi. Nilipomkuna mgongo alifumba macho akasema blesingi. Mbuzi akilia nje, alimjibu.

Siku moja mama alipokwenda kisimani niliketi mbele yake chini. Aibu inanishika mpaka leo kwa nilichokifanya, lakini nitakisema. Nilimuuliza kama mtu anayemjaribu mtoto mdogo.

"Baba, hiki ni kikombe?"

"Blesingi."

"Hiki ni ng'ombe?" Nilikuwa nimeshika kikombe kilekile.

"Blesingi."

"Umenisamehe?"

"Blesingi."

"Hujanisamehe?"

"Blesingi."

Sauti ilikuwa ileile, haikupanda wala kushuka. Nikamwomba aminye mkono wangu mara moja kama ni ndiyo. Aliminya. Nikamwomba aminye kama ni hapana. Aliminya. Jasho lilikuwa linamtoka kwa kujitahidi, na nilipoona lile jasho nilijichukia. Alikuwa ndani mle mahali fulani, anagonga mlango, na mimi nipo nje nagonga mlango huohuo, na hakuna kati yetu mwenye kitasa.

Nikatuma salamu Lisekese. Mjomba alikuja kesho yake kwa miguu, na sahani ya unga wa mtama amefunga kwa kitambaa. Hakunisema kwa kuchelewa, na kutosemwa kuliniuma zaidi. Alinishika mkono palepale uani, akaniingiza kwa baba. Mama alikuwa ameketi kitandani kando yake, ameshika kikombe. Nilipiga magoti. Nguo ilinibana, tumbo limeshatoka.

Mjomba alisema maneno yake vizuri, bila mzaha hata mmoja. "Shemeji, nimekuletea ntoto wako. Amekosa. Hakukosa kwa kuolewa, alikosa kwa kuinuka haraka siku ile. Ameomba, nami naomba pamoja naye. Huu hapa unga. Mpe maji, mpe na neno lako, tule tulale."

Alikuwa amesema kosa langu hasa, na mimi sikuwa nimemwambia. Mama akampelekea baba kikombe mdomoni. Baba alivuta maji, nikayasikia yakiingia. Nikainamisha kichwa nikafumba macho.

Hakuna kilichonigusa. Nilipofumbua, niliona maji yanateremka upande ule wa mdomo uliokufa, yanapita kidevuni, yanalowesha fulana. Alikuwa anajaribu kupuliza na midomo haikutani. Mama akamfuta, akampa tena. Yakateremka tena. Mara ya tatu mjomba akasema, "Basi. Maji tumeyaona. Neno, shemeji. Neno tu."

Tukangoja lile neno alilokuwa akimwambia mbuzi.

Baba alinitazama. Nasema alinitazama, si kwamba macho yake yalikuwa upande wangu tu. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikimletea daftari la shule. Mdomo ulifunguka. Kisha akaufunga. Aliubana kwa nguvu mpaka mashavu yakatetemeka, ule upande mzima ukiubeba na ule uliokufa, na machozi yakaanza kumtoka, na hakusema kitu.

"Sema, shemeji," mjomba alisema.

Hakusema.

"Baba mwenyewe," mama alimbembeleza, "si ulikuwa unasema sasa hivi?"

Aliugeuza uso ukutani.

Unga ulikuwa kwenye sahani, haujaguswa. Nilibaki nimepiga magoti, na safari hii sikuinuka. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Jogoo wa jirani aliingia kwa mlango wa nyuma kufuata unga, mama akamfukuza kwa ncha ya khanga, naye akarukaruka kwa kelele kupita miguuni mwa baba. Baba akageuka, akamtazama yule jogoo.

"Blesingi," akamwambia.

Mjomba alitoka nje. Mimi nilicheka, kicheko kibaya, ambacho nilishindwa kukizuia, mpaka mama akanishika mdomo.

Nimefikiri juu ya ule mdomo uliofungwa kwa miaka mingi kuliko niliyofikiria jambo lolote. Kuna siku nasema alikataa. Alielewa kila kitu, na hasira yake ilikuwa nzima kuliko mkono wake. Kuna siku nasema alijua neno limeoza, limekwisha kupewa kila anayepita na kila kinachopita, na mimi hakutaka kunipa lililooza. Alikuwa analitafuta jingine, baraka pengine, lile la watu wote, na halikuja. Na kuna siku nasema hakuna lolote, ni ugonjwa tu, mshipa ulibana kwa dakika ile. Kila moja kati ya hizo naiamini kwa siku yake. Nimemuuliza padri, nimemuuliza shehe. Wote wawili walinijibu kwa upole na wote wawili walisema kwa hakika nimesamehewa. Hawakuwepo.

Ilinibidi nirudi Newala. Mume wangu alikuwa peke yake na mimi nilikuwa mzito. Siku ya kuondoka baba alikuwa amelala, safari hii amelala kweli. Sikumwamsha. Alifariki baada ya siku chache.

Nilipofika msibani wanawake walikuwa wamejaa ndani kwenye mikeka, wa kanisani kwake na jirani Waislamu, na walikuwa wakisimuliana. Mmoja alisema alimletea marehemu ndizi, akamwambia blesingi. Mwingine alisema mwanawe alipita kuaga, akaambiwa, na sasa amepata kazi bandarini. Kila mmoja alikuwa na lake. Walilia na kutabasamu. Kisha bibi mmoja aliyenibeba nikiwa mchanga akanigeukia, akaweka kiganja juu ya tumbo langu.

"Na wewe, mwanangu, wewe uliyemuuguza? Alikwambia?"

Wote wakasogea kunisikiliza. Nilifungua mdomo, na sikupata kitu cha kuweka humo.

Mama alikuwa kando yangu, bega kwa bega, ameinamisha kichwa ndani ya kaniki. Alikuwemo chumbani siku ile. Ndiye aliyeshika kikombe.

"Alimwambia," mama akasema. "Mimi nilikuwapo."

Sikuwahi kumsikia mama akisema uongo kabla ya siku hiyo.